Dakika Arobaini Kutoka Kiirua Hadi Embu

Kwenye ukuta wa banda la ndege pale ninapofanya kazi kuna ramani ya Kenya iliyobandikwa kwa misumari minne. Siku moja ya mvua, wakati hakuna ndege iliyotarajiwa, nilichukua rula nikapima kutoka kiwanja chetu, karibu na Kiirua, hadi kiwanja cha Embu. Nikapata kilomita sabini na kitu. Kisha nikachomoa uzi kwenye gunia, nikaulaza juu ya mstari wa barabara: kuteremka Meru mjini, Nkubu, Chuka, Runyenjes, kila kona nikaifuata kwa ukucha. Nilipounyoosha uzi kwenye rula nikapata karibu mia na hamsini. Ndivyo tulivyofundishwa shuleni, rula kwa mstari ulionyooka na uzi kwa barabara, na tangu nimalize darasa la nane sikuwa nimepata mahali pa kutumia somo hilo.

Sikupima kwa mchezo. Kulikuwa na msichana Embu niliyetaka kumwoa, na baba yake alikuwa karibu kunikataa.

Tulijuana alipokuwa akimshonea fundi mmoja wa Majengo, Meru, ambako alikuwa amepanga chumba. Nilipeleka suruali ya kazi itiwe kiraka. Nikairudisha mara ya pili, nikairudisha mara ya tatu. Mara ya nne akaniambia, "Hii sasa ni viraka vitupu. Ukitaka kuniona, njoo bila suruali." Kisha akasikia alichosema, akafunika uso kwa kitambaa alichokuwa akishona, na mimi nikatoka nje bila kusema kwaheri. Baadaye alirudi kwao Embu, mtaa wa Dallas, mambo yetu yakawa ya simu. Kwa simu ninaongea afadhali, kwa sababu hakuna anayeniangalia.

Kwao nilienda mara moja tu, kujulishwa, pamoja na marafiki wawili. Baba yake alikuwa ameendesha lori miaka mingi kabla ya kustaafu. Ni mtu mpana, na sauti yake ni ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Aliniuliza kazi yangu, rafiki yangu mmoja akajibu. Aliniuliza kama naongezewa chai, rafiki wa pili akasema ndiyo, anaongezewa. Tulikaa pale tangu saa nane hadi jua likaanza kulala, na sidhani nilitoa maneno kumi. Tulipoondoka alimwuliza binti yake, "Sasa kati ya wale watatu, anayekutaka ni yule bubu?"

Baada ya hapo wazee wetu walipaswa kwenda kuzungumza mambo ya mahari. Mara ya kwanza mwenzangu wa kiwanjani aliugua, nikakosa ruhusa, safari ikaahirishwa. Mara ya pili kulikuwa na jamaa yetu aliyefariki na bado hajazikwa, na kwetu hakuna anayekwenda kuomba mke wakati ukoo una maiti. Sababu zote mbili zilikuwa za kweli, lakini kule Dallas zilisikika kama visingizio. Baba wa msichana akatuma neno kupitia kwa binti yake, naye akanisomea jinsi lilivyosemwa: "Jumamosi hii, saa nne asubuhi. Namtaka yeye mwenyewe. Wazee wake peke yao nikitaka kuwaona nitawafuata Meru. Saa nne ikipita bila yeye, wasijisumbue tena."

Nikaomba ruhusa ya Jumamosi, nikapewa. Ijumaa mchana msimamizi akaja bandani akaniambia ruhusa imefutwa. Ndege ingetoka Jumamosi saa mbili, na mwenzangu alikuwa ameenda kwao Tharaka.

Lazima nieleze kazi yangu, maana ndege haitoki bila hiyo. Kiwanja chetu ni cha shamba la maua, ni nyasi tupu, na pembeni kuna watu wanaofuga kondoo. Kondoo wanapenda zile nyasi kuliko zao. Kabla ndege haijatoka au kutua, mimi hupanda pikipiki nikapita kiwanja chote kwenda na kurudi, nikafukuza kondoo, nikaangalia mashimo ya fuko, nikaangalia ule mfuko mrefu wa kitambaa unaoonyesha upepo, kisha nikamwinulia rubani mkono. Mtu wa kufanya hivyo Jumamosi asubuhi nilikuwa mimi peke yangu, maana mwenzangu angerudi mchana.

Nilihesabu. Ndege itoke saa mbili, nipande gari Kiirua, nibadilishe Meru, nifike Embu saa sita ikiwa barabara ni nzuri. Sikula mchana huo. Nilifagia banda ambalo nilikuwa nimelifagia asubuhi. Nilipompigia msichana kumweleza, akauliza:

"Hiyo ndege inaenda wapi?"

"Embu."

"Embu gani?"

"Embu yenu. Inaenda kuchukua mgeni wa shamba."

"Ngoja nielewe. Ndege inatoka hapo ulipo, inakuja hapa nilipo, saa mbili. Na wewe umenipigia kuniambia huwezi kufika saa nne?"

Nikasema viti vya ndege si vya watu kama mimi. Akasema, "Uliuliza?" Nikasema sijauliza. Akasema, "Enda uulize. Usinipigie kabla hujauliza," akakata.

Rubani wetu ni mama wa makamo, mtu wa mjini, anaongea haraka na kila mtu humwita Kapteni. Alikuwa ameinama kwenye gurudumu la mbele. Niliizunguka ndege mara ya kwanza kama mtu anayeikagua. Nikaizunguka mara ya pili. Mara ya tatu akasema bila kuinua kichwa, "Wewe, unataka kuniibia tairi?"

Nikamwambia. Nilisema yote kwa pumzi moja huku nikiangalia viatu vyake.

"Unaenda kuoa?"

"Kuomba, Kapteni."

"Na kama hukufika?"

"Sioi."

Akafuta mikono. "Viti vitatu viko wazi. Ni dakika ishirini na tano, mawingu yakikubali. Yakikataa, thelathini na tano. Saa tisa narudi, na ukichelewa nakuacha huko ukweni uwachungie ng'ombe."

Jioni nilipowaambia nyumbani, mjomba wangu, ambaye ndiye angekuwa msemaji wetu, hakufurahi. Yeye na wazee wengine walikuwa wamekodi gari la kutoka saa kumi na moja alfajiri, ili wafike mapema, wanawe mikono mahali, wapange maneno, na waingie pamoja. "Kijana hafiki ukweni peke yake kama mchuuzi," alisema. "Ukishuka kwenye hilo dude, utatungoja nje. Hata wakikuita, usiingie."

Lakini mama yangu alikuwa akiwaza kitu kingine. Uji. Kwetu wanawake hubeba uji uliochachuka kwa kibuyu kwenda ukweni, na kabla haujanywewa hakuna anayeanza maneno. Uji huo alikuwa ameuweka siku tatu. Shida ya uji wa kuchacha ni safari ndefu. Gari linarukaruka, jua linapanda, na ukifika umeshapitiliza, mtu akinywa anakunja uso. Mama aliniuliza, "Umesema dakika ngapi?"

"Ishirini na tano. Au thelathini na tano."

"Basi uji utaenda na wewe."

Siku zote mama huziba kibuyu kwa kipande cha gunzi kilicholegea kidogo, ili uji upumue. Lakini ndege hakuwa amewahi kuipanda, na alikuwa amesikia kwamba inalala upande. Akachagua gunzi nene, akaligonga kwa mwiko mpaka likazama shingoni, akalifunga kwa ukanda wa mpira wa tyubu, akazungusha mara nne, akakaza kwa meno. Alikipindua kibuyu juu chini mbele yetu. Hakuna tone. Mjomba akasema, "Huo sasa hata ukitupwa kutoka juu." Mama alifurahi sana. Alisema hakuna mke wa mtu Kiirua nzima aliyewahi kupeleka uji kwa ndege.

Jumamosi niliamka kabla ya wazee kuondoka. Gari lao la kukodi lilichelewa, likapita saa moja, mama akanipungia mkono dirishani, nami nikaenda kiwanjani na kibuyu kikiwa kimefungwa mgongoni kwa leso yake. Nilivaa koti la mjomba na suruali yangu ya pekee isiyo na kiraka.

Saa mbili kasorobo nilikuwa nimeshafukuza kondoo mara mbili. Saa mbili wingu lilikuwa limekaa chini juu ya miti ya upande wa mlima. Kapteni alisimama mlangoni mwa banda akinywa chai na kulitazama. Mimi sikuweza kusimama. Nilipanda pikipiki nikapita kiwanja. Saa mbili na robo nikapita tena. Kondoo wenyewe walishachoka kukimbia, walikuwa wanasogea hatua mbili na kuniangalia. Saa mbili na nusu mama alipiga simu kuuliza kama nimeshafika. Wao walikuwa wamepita Nkubu, na mimi bado nilikuwa kiwanjani.

"Kapteni," nikasema.

"Nimeona saa, kijana. Wingu halijaiona."

Saa tatu kasorobo upande wa mashariki ulifunguka. Akamwaga chai, akasema, "Twende." Alinipima kwenye mizani ya mizigo. "Kilo hamsini na nane. Hakuna chakula kwenu? Na hiyo ni nini?"

"Uji, Kapteni. Wa ukweni."

"Umefungwa vizuri? Sitaki kumwagikiwa."

"Umefungwa sana."

Nilipaswa kumwambia kwamba ulikuwa umechachuka. Sikumwambia kwa sababu hakuuliza, na mimi nimezoea kujibu nilichoulizwa tu. Nilipita kiwanja mara ya mwisho, nikaacha pikipiki kwa mlinzi, nikaketi kando ya Kapteni na kibuyu katikati ya miguu.

Kuhusu kuruka kwenyewe nina machache ya kusema. Nyasi zilikimbia, kisha zikaacha kugusa. Niliona paa za mabati na vitalu vya maua vilivyofunikwa plastiki, nikatafuta nyumba yetu nikaikosa. Kapteni alielekea mashariki kulikwepa lile wingu, kisha tukakuta jingine, akasema tupande juu zaidi. Masikio yangu yaliziba. Niliangalia saa ya simu. Saa tatu na dakika kumi na mbili. Nilikuwa nasukuma sakafu kwa miguu, kama vile ndege itaenda haraka nikisukuma.

Hapo kibuyu kikaanza kulia. Ilikuwa sauti nyembamba, kama mbu. Nilikishika shingo nikasikia ule mpira umekazana kama mshipa. Sikujua la kufanya. Nilifikiri nikilegeza kidogo kitatulia. Niliinua mzunguko mmoja wa mpira, basi, mmoja tu.

Gunzi lilipiga paa la ndege kwa mlio wa bunduki. Uji ukafuata. Ulipanda kama moshi, ukaja juu ya koti la mjomba, mapajani, kwenye kioo cha mbele, kwenye zile saa nyingi ambazo rubani huzitazama.

"Nini hiyo? Nini hiyo?" Kapteni alipiga kelele. Mikono yake haikutoka kwenye usukani lakini macho yake yalikimbia kila mahali. "Ni injini?"

"Ni uji!"

"Ni nini?"

"Uji, Kapteni! Uji!"

"Panguza! Panguza hiyo! Siyo hiyo, ile ya kushoto, ya urefu! Panguza!"

Nilipanguza kwa mkono wa koti. Nilipanguza kwa leso ya mama. Kioo kimoja kikionekana, kingine kilikuwa kinatiririka. Kapteni aliniambia maneno ambayo sitayaandika. Baadaye aliuliza kwa sauti ya kawaida, "Ulichachuka siku ngapi?"

"Tatu."

"Siku tatu. Na ukaukaza na mpira wa tairi. Ukaleta kwa ndege yangu." Alitikisa kichwa. "Angalia chini ya kiti, umeingia huko pia. Ukikauka hapo nzi watakuja wote."

Nikainama chini ya kiti. Wakati nimeinama nilimsikia akisema, "Ona, mawingu yameachana, ile ni Nithi." Sikuinua kichwa. Niliinua kichwa tulipokuwa tunatua.

Tulitua Embu saa nne kasoro dakika kumi na tano. Safari yote ilikuwa dakika arobaini. Kapteni alinitazama nilivyo, akafungua mlango. "Saa tisa," akasema. "Na Jumatatu utaosha hii ndege mpaka nione uso wangu ndani."

Mwenye bodaboda alikataa kwanza kunibeba, alisema nitamchafulia kiti. Nilimwambia naenda ukweni, akacheka, akatandika gunia. Saa nne kamili nilikuwa mbele ya lile geti la kijani la Dallas. Gari la wazee halikuwepo. Nilimpigia mjomba.

"Tuko Chuka!" alisema. Nyuma yake kulikuwa na honi nyingi. "Lori la mchanga limelala barabarani. Hakuna anayesonga. Wewe uko wapi?"

"Getini."

"Usiingie! Unanisikia? Ukiingia peke yako umetutukana sote. Simama hapo hapo."

Mama alimnyang'anya simu. "Uji upo?"

Nilikitikisa kibuyu. "Upo," nikasema. Na kweli ulikuwepo, robo kwenye kibuyu na uliobaki kwenye suruali.

Sasa nilikuwa nimekwama. Nikiingia, wazee wetu wameaibika. Nisipoingia, saa nne inapita bila yule mzee kuniona. Nilitembea kutoka kwenye geti hadi kwenye mlingoti wa stima, nikarudi. Nikaenda tena, nikarudi. Vijana wa bodaboda kwenye kona walikuwa wameshaanza. "Msee, umepigana na sufuria ya uji?" "Mwache, amenyonyeshwa vibaya!" Nilifikiria kukimbia. Ninasema ukweli, nilipima kwa macho umbali hadi kwenye kona.

Geti likafunguka. Alikuwa baba yake mwenyewe, amevaa koti la suti. Aliangalia saa ya mkononi kabla ya kuniangalia mimi.

"Saa nne na dakika saba. Uko peke yako?"

"Ndiyo, baba."

"Umekuja na nini?"

"Na ndege."

"Nauliza gari liko wapi."

"Hakuna gari, baba. Nimekuja na ndege mpaka kiwanjani, kutoka kiwanjani nikachukua boda."

Macho yake yaliteremka hadi kwenye suruali. "Na hiyo?"

"Ni uji."

"Unanuka kama sherehe iliyokwisha. Wazee wako?"

"Wako Chuka. Lori la mchanga limelala barabarani."

"Kabla ya soko au baada?"

"Hawakusema."

"Kama ni baada ya soko, hao ni wa saa sita. Naijua hiyo sehemu." Alisimama akikuna kidevu. Niliona kwamba na yeye amekwama. "Siwezi kukuingiza," akasema. "Ukiingia bila wazee wako watasema mimi ndiye nimekuja kukuoa. Na nilisema saa nne nikuone. Nimekuona." Aliingia ndani, geti likajifunga. Nikajua imekwisha.

Lilipofunguka tena alikuwa amebeba viti viwili vya plastiki. Aliviweka nje ya geti, ukingoni mwa barabara, akaketi kimoja, akanionyesha kingine. "Hapa si ndani," akasema. "Keti."

Niliketi. Hakukuwa na rafiki wa kulia wala wa kushoto. Watu walikuwa wanapita, wanamsalimu, wananitazama. Yeye alikuwa ananingoja.

"Embu na Meru niliifanya miaka ishirini na mitatu," akasema hatimaye. "Nikiwa na mzigo, masaa matatu. Bila mzigo, mawili na nusu, na hakuna aliyenipita. Wewe umetumia ngapi?"

"Dakika arobaini."

"Usinidanganye."

"Ingekuwa ishirini na tano, baba, ni mawingu."

"Meru ni mbali. Mimi naijua kwa makalio haya. Dakika arobaini hata Chuka hujafika."

Basi nikamweleza kuhusu rula na uzi. Nilichora kwa kijiti kwenye vumbi, hapa kwetu, hapa mlima, hapa Embu. Nikamwonyesha jinsi barabara yake inavyozunguka chini ya mlima, inashuka kwenye kila mto na kupanda tena, na jinsi mstari unavyokata. Akaninyang'anya kijiti. Alisema nimeichora vibaya, akarekebisha kona za Runyenjes, akaongeza mito miwili niliyosahau. Nikamwuliza ni mahali gani lori lilimchosha zaidi. Sijui nilipata wapi nguvu ya kuuliza. Akanieleza kwa muda mrefu, nami nikamweleza kuhusu kondoo, na fuko, na jinsi ndege haitoki mpaka niinue mkono.

"Kwa hiyo wewe ndiye unaiambia ndege itoke?"

"Namwambia Kapteni pameshakuwa safi. Yeye ndiye huiambia ndege."

Akaitikia kwa kichwa kana kwamba jibu hilo amelipenda. Kisha akasogeza kiti, sauti yake ikashuka. "Niambie kitu. Pale Nithi, kwenye daraja. Ile kona nimeipita mara nisizoweza kuhesabu, na kila mara nilikuwa naangalia lami tu. Huwezi kuangalia kando pale. Sasa wewe umepita juu. Inaonekanaje?"

Nilijua anachotaka kusikia. Ningeweza kusema bonde ni la kijani na daraja ni dogo kama kiberiti, na hakuna mtu ambaye angenikanusha isipokuwa Kapteni. Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka.

"Sikuiona, baba."

"Mawingu?"

"Hapana. Pale mawingu yalikuwa yameachana. Kapteni alinionyesha. Lakini mimi nilikuwa nimeinama chini ya kiti, napanguza uji."

Alinikazia macho. Halafu tumbo lake likaanza kutikisika kabla sauti haijatoka. "Umepita juu ya barabara yangu yote," akasema, "yote, miaka ishirini na mitatu, na kichwa kikiwa chini ya kiti!" Alijipiga kofi gotini. Aligeukia geti akaita, "Mama watoto! Njoo usikie huyu!" Mke wake alitokea akijifunga leso, na nyuma yake nikaona kipande cha nguo ninayoijua, kimejificha nyuma ya nguzo. Mzee akaniambia, "Anza mwanzo. Anza kwa mama yako na ule mpira."

Nikaanza mwanzo. Nilisimama kuwaonyesha jinsi gunzi lilivyoruka. Nilifanya sauti ya Kapteni. Wale vijana wa bodaboda walikuwa wamesogea, wakaacha kunicheka mimi wakaanza kuucheka uji.

Saa sita na dakika kumi gari la wazee lilifika. Mjomba aliteremka akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi, akatuona tumekaa barabarani kama wauza mahindi, akashika kichwa. Lakini alikuwa ameshapanga maneno yake tangu Chuka na ilibidi yatoke. "Mzee, tunaomba radhi sana. Tumechelewa, na kijana wetu tumemwacha hapa bila msemaji, naye ni mtu wa haya, hasemi, kwa hiyo kama amekukosea kwa kunyamaza..."

"Nani hasemi?" mzee akauliza. "Huyu hajapumzika tangu saa nne."

Mama alikuwa ameshachukua kibuyu. Alikipima kwa mkono, akaniangalia. "Ulisema upo."

"Upo, mama. Kidogo."

Mama wa msichana alikipokea kwa mikono miwili, akasema uji ulioruka kutoka mlimani hauhitaji kuwa mwingi, na wanawake wakaingia nacho wakicheka. Wazee wakafuata. Geti likafungwa nikiwa nje, maana mambo ya mahari yanapozungumzwa mwenye kuoa hakai mle ndani.

Nilibaki na viti viwili. Sikuweza kukaa hata kimoja. Nilisikia sauti ya mjomba, ndefu, halafu ya mzee, fupi. Mtu akakohoa. Nilienda hadi kwenye mlingoti nikarudi, na kila nikirudi nilisimama karibu na geti, na kila nikisimama nilisikia vikombe tu. Saa saba ilipita. Saa nane ikakaribia. Nikampigia Kapteni nikamwambia arudi bila mimi, akasema, "Mambo ni mazuri au mabaya?" Nikasema sijui. Akasema basi angojee mpaka ajue, lakini si zaidi ya saa tisa.

Msichana alitoka kuchukua viti. Hatukuwa tumeonana uso kwa uso tangu ile siku ya chai. Aliangalia suruali yangu akauma mdomo.

"Wameniita mbele ya watu wote," akasema. "Wakaniuliza kama nakujua."

"Ukasema?"

"Nikasema nakujua."

"Na baba?"

"Baba alikuna kidevu kwanza. Nikaogopa. Kisha akasema hata yeye ameanza kukujua. Alisema mtu ambaye hakudanganya kuhusu Nithi anaweza kupewa binti, lakini ukisafiri na mimi tupite barabarani, hataki nipande kitu ambacho mtu hawezi kushuka katikati."

Nilijaribu kusema kitu. Maneno yote nilikuwa nimeyamaliza kwa baba yake.

"Wanakuita," akasema. "Na viti havitoshi, tuingize hivi."

Alichukua kimoja, nikachukua cha pili, tukaingia.